Kitabu cha visawe cha Roget: nimekipima kwa neno moja, "run"

Nilikikuta Dar es Salaam, upande wa Posta, kwa mzee anayetandika turubai kando ya barabara na kupanga juu yake vitabu vya mitumba. Kilikuwa kimebanwa katikati ya kitabu cha uhasibu na Biblia ya Kijerumani. Nikamwamkia, nikauliza bei.

"Elfu kumi na tano, mwanangu."

"Baba, mbona ukurasa wa mwanzo umechanwa?"

"Huo ulikuwa na jina la mchapaji tu. Maneno yote yamo, kagua mwenyewe."

Tukaafikiana elfu tisa, akanifungia kwenye gazeti. Nilipanda basi la Morogoro nikiwa nimekipakata, na kabla ya Chalinze gazeti lilikuwa limeshafunguliwa. Nimekitumia tangu mwezi wa tatu, karibu kila siku ya kazi. Nataka kueleza kinafaa wapi na hakifai wapi, kwa sababu nawajua watu kadhaa walionunua kitabu cha namna hii, cha visawe vya Kiingereza, wakidhani ni kamusi, wakakuta sicho, wakakitia kabatini.

Kazi yangu ni kufasiri, Kiingereza kwenda Kiswahili, mwaka wa kumi na nne sasa. Naletewa miongozo ya mashine, vipeperushi vya afya, ripoti za miradi ya maji, mara mojamoja mkataba. Watu hudhani kinachomsumbua mfasiri ni maneno marefu ya kitaalamu. Hayo yana kazi ya siku moja: ukishajua kwamba ugonjwa fulani unaitwa selimundu, umemaliza, utauandika hivyo mpaka uzeeni. Linalonichelewesha mimi ni neno la herufi tatu ambalo mtoto wa darasa la tatu analijua. "Run."

Siko peke yangu. Wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford walipolipitia upya neno hili, walihesabu maana 645 za kitenzi peke yake, nomino haimo. Habari hiyo ilitoka mwaka 2011. Mhariri aliyekabidhiwa kazi hiyo, Peter Gilliver, alitumia miezi tisa kwa neno moja. Zamani "set" ndilo lililosifika kwa wingi wa maana, "run" limelipita. Niliposoma hayo nilipata faraja ya kweli, maana nilikuwa nimeshaanza kuhisi kwamba Kiingereza changu kina tundu mahali fulani.

Sasa kitabu chenyewe. Peter Mark Roget alikuwa daktari, mzaliwa wa London, mwaka 1779. Orodha yake ya kwanza ya maneno aliikamilisha mwaka 1805 kwa matumizi yake binafsi, akakaa nayo miaka mingi akiandika na kutibu. Alipochapisha kitabu, mwaka 1852, alikuwa na miaka 73 na ameshastaafu. Alifariki mwaka 1869, na baada yake mwanawe na kisha mjukuu wake wakaendelea kukihariri. Nakala yangu ni ya jalada laini, na uti wake umetiwa gundi mara mbili na mtu aliyeipenda kabla yangu.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hakikupangwa kwa alfabeti. Roget aliyachukua mawazo ya binadamu akayagawa katika matabaka sita: mahusiano ya jumla, nafasi, maada, akili, utashi, na mwisho hisia na maadili. Chini ya matabaka hayo kuna vichwa karibu 1,000, na kila inapowezekana kichwa kimewekwa ubavuni mwa kinyume chake, kama kuwapo na kutokuwapo. Ndani ya kichwa, nomino zinatangulia, vitenzi vinafuata, kisha vivumishi. Hakuna maelezo ya maana. Ni maneno matupu, yamekaa bega kwa bega kama watu kwenye daladala.

Kwa hiyo mlango wa kuingilia uko nyuma, kwenye faharasa. Ukilitafuta "run" huko, faharasa inakutawanya: nenda kwenye mwendo, nenda kwenye kasi, nenda kwenye mtiririko, nenda kwenye mfululizo, nenda kwenye uongozi. Mara ya kwanza nilichoka. Mara ya tatu nikaona kwamba huko kutawanywa ndiko nilikokuwa nakuhitaji siku zote.

Mfano. Mwezi wa nne niliombwa kuhariri mwongozo wa pampu ya maji uliofasiriwa na mtu mwingine. Kiingereza kilisema "Do not run the pump dry". Rasimu ilisema: "Usiikimbize pampu ikiwa kavu." Mkulima wa Dakawa akisoma hivyo ataifunga pampu yake kwenye baiskeli asiende nayo mbio siku ya jua. Nikaliandika "run" kwenye daftari langu na kuanza kuhesabu. Katika mwongozo ule mmoja lilikuja kwa sura sita. Injini "runs" kwa dizeli. Waya "run" ukutani. Maji "runs" kwenye kiungio. Injini iachwe "run" dakika tano kabla ya kufungua maji. Dhamana "runs" miezi 24. Na hiyo ya pampu kavu.

Njia niliyoizoea sasa ni hii. Naling'oa "run" kwenye sentensi, nafungua kichwa ambacho faharasa imenielekeza, kisha nawaweka majirani zake pale palipo wazi, mmojammoja, mpaka sentensi ya Kiingereza itulie. Anayetulia ndiye namfasiri. Injini "runs" kwa dizeli: nikiweka "use" inatulia, basi ni "inatumia dizeli". Waya: "lay", basi "laza waya kandokando ya ukuta". Maji kwenye kiungio: "trickle", basi "yakichuruzika". Dakika tano: "iache injini iungurume". Dhamana: "last", na hapo Kiswahili hakitaki hata kitenzi, kinatosheka na "dhamana ni ya miezi 24". Pampu ikawa "Usiiache pampu ifanye kazi bila maji". Sita zote, na hakuna iliyokimbia.

Kwa kazi hiyo kitabu hiki kina thamani mara kumi ya nilicholipa. Kamusi ya lugha mbili inakupa Kiswahili moja kwa moja, na ukiwa na haraka utachukua cha kwanza ulichokiona. Roget anakulazimisha ukae kwanza ndani ya Kiingereza na kujiuliza mwandishi alitaka kusema nini. Mwezi mmoja nilihesabu kila "run" iliyopita mezani kwangu. Zilizohitaji "kimbia" zilikuwa nne, zote kwenye barua ya shule kuhusu siku ya michezo.

Penye maji ndipo nilipojifunza zaidi, na hapo kitabu kilinisaidia kwa kuniacha. Chini ya kichwa cha mtiririko Kiingereza kimejaa, na "run" limo. Lakini Kiingereza cha kila siku, cha kipeperushi, kinapenda kurudi kwenye "run" hilohilo: mto "runs", bomba "runs", pua ya mtoto "runs", jasho "runs". Kiswahili hakikubali kulala kitanda kimoja namna hiyo. Mto unatiririka. Chemchemi inabubujika. Damu inachuruzika kutoka kwenye kidonda, ndoo iliyotoboka inavuja, koki mbovu inadondosha, jasho linamtiririka mtu au linamchuruzika kutegemea alikuwa analima au amekaa kivulini ana homa. Mtoto kamasi zinamtoka. Mfasiri anayeandika "pua inakimbia" amemfanya mama acheke kliniki, na mama anayecheka hasikii dawa inatolewa mara ngapi.

Kisha ile sentensi ya kunawa mikono. "Wash your hands under running water." Nimeifasiri mara nyingi kuliko sentensi yoyote maishani mwangu. Miaka ya mwanzo niliandika "maji ya bomba", na mteja akakubali. Nilipokwenda kijijini na kuona wanaosoma kipeperushi changu wanachota kisimani, nilijisikia vibaya kwa siku nyingi: nilikuwa nimewaambia kwamba usafi ni wa wenye bomba. Mwenye jibu alikuwa mhudumu wa afya wa palepale. Nje ya choo chao kulikuwa na kidumu cha lita tano kimetobolewa karibu na shingo, kimening'inizwa kwenye mti, na kamba imeshuka hadi kwenye kijiti. Ukikanyaga kijiti, kidumu kinainama na maji yanatoka kidogokidogo. "Hiki ni kibuyu chirizi, dada," akaniambia. Chirizi, kutoka kuchirizika. Maji yanayokwenda, hayasimami, wala hayahitaji bomba. Na korona ilipoingia mwaka 2020, nchi nzima ikajifunza kusema "maji tiririka", yakaandikwa kwenye ndoo zenye koki milangoni pa maduka, stendi, misikiti na makanisa. Maneno mawili, na kila mtu akaelewa. Hakuna kitabu cha visawe vya Kiingereza kingenipa hilo.

Niwe mkweli pia kuhusu pale niliposhindwa kabisa. Mteja anayeuza vitenge na khanga aliniletea lebo: "Colours may run." Nikaenda kwenye rangi, nikaenda kwenye maji, nikazunguka faharasa nusu saa. Majirani niliowapata ama wananipeleka kwenye damu ama kwenye kupauka, na kupauka ni jambo jingine, hilo la jua. Nikafunga kitabu nikaenda sokoni. Mama wa vitenge hakuniacha nimalize swali. "Unauliza kama kinachuja? Hiki hakichuji, shangazi, ufue hata na shuka nyeupe." Kuchuja. Neno nililolisikia tangu utotoni kwa mama yangu akichagua doti, na halikunijia kwa sababu nilikuwa nalitafuta kwa Kiingereza.

Kuna mahali lugha hizi mbili zinakutana na mimi bado nashangaa. Kiingereza kina "run" ya kuendesha mtambo au ofisi, na kina "the runs", maneno ya nyumbani ya kuharisha. Sisi nasi tunasema meneja anaendesha kiwanda, na tunasema mtoto anaendesha, ana tumbo la kuendesha. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Kwenye vipeperushi naandika "kuharisha", kwa usalama, lakini kwenye matangazo ya redio ya jamii nimewahi kutumia "anaendesha na kutapika" kwa sababu ndivyo mama anavyomwambia muuguzi.

Kwenye uchaguzi hakuna kukutana. Mmarekani anayetaka kiti "runs", Mwingereza "stands". Mmoja anakimbia, mwingine amesimama, na ripoti ikifika mezani naweza kukisia imeandikiwa upande gani wa bahari kwa neno hilo tu. Mtanzania anagombea, na ndani ya kugombea mna kugombana. Mkenya mara nyingi anawania. Hapa Roget alinifaa upesi.

Semi hazing'oleki kirahisi hivyo, na hapa ndipo mnunuzi awe mwangalifu. "It runs in the family" ilinijia kwenye maelezo ya selimundu. Ukiling'oa "run" peke yake na kuweka jirani yake, sentensi inavunjika, maana usemi umeshonwa kwa uzi mmoja. Rafiki yangu alipendekeza "ni ugonjwa wa ukoo". Nilikataa. Kwetu ukisema ugonjwa ni wa ukoo, kesho watu watauliza ukoo ule ulifanya nini, na msichana wa nyumba ile atakosa mchumba. Niliandika kwamba mtoto huzaliwa na selimundu akirithi chembe ya ugonjwa huo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Ni ndefu kuliko Kiingereza, lakini ndiyo kweli ya kitabibu, na haimweki mama peke yake kizimbani.

Onyo langu kubwa ni kwa wanafunzi. Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha tatu na alikuja likizo. Alikiona kitabu, akakipenda, akakiazima jioni moja kupamba insha yake. Mwalimu alikuwa amewaambia wasirudierudie neno. Akaniletea niisome: "Every morning my grandmother absconds to the market."

Nikamuuliza, "Hili umelitoa wapi?"

"Kwenye kitabu chako, shangazi. Liko pamoja na 'run'."

Ni kweli, "abscond" na "run" hukaa pamoja, chini ya kutoroka. Nikamwambia aiseme kwa Kiswahili: kila asubuhi bibi anatoroka kwenda sokoni. Akanyamaza, kisha akasema, "Lakini bibi anaaga." Hapo akaelewa. Nikamwongeza za kwetu. Mtu anaweza kukimbia, kutimua mbio, kutoka nduki, kuchanja mbuga, kula kona. Anayetoka nduki kuna kitu kimemshtua. Anayechanja mbuga anakwenda mbali, ana nafasi mbele yake. Anayekula kona anamkwepa mtu, pengine mwenye deni. Mwana wa Kiswahili hahitaji kuambiwa hayo, ameyanyonya. Mgeni akipewa orodha hiyo bila maelezo ataandika kwamba mshindi wa mbio za marathoni amekula kona. Roget aliwaandikia watu ambao maneno wanayo tayari ila yamewapotea kwa dakika moja. Kwa anayejifunza, kila neno lililochukuliwa humo lipite kwanza kwenye kamusi yenye maana na mifano. Nilimwekea kijana sharti hilo, na bado anakiazima.

Kwa upande wa Kiswahili, mezani nimekiweka sambamba na Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, iliyotolewa na East African Educational Publishers mwaka 1998. Nikishajua "run" ipi ninayo, kule ndiko ninakotafuta uzito sahihi wa Kiswahili. Ninachokitamani, na ningekilipia bei yoyote ninayoimudu, ni kitabu kilichopangwa kwa mawazo kama cha Roget lakini kimeanzia kwetu. Fikiria sura ya "piga" ingekuwaje. Piga pasi, piga mswaki, piga deki, piga hodi, piga chafya, piga magoti, piga mbizi, piga kura, piga ramli, piga mnada, piga marufuku, piga soga, piga kambi, piga chenga. Mzungu anayejifunza Kiswahili anateseka hapo kama ninavyoteseka mimi kwenye "run", naye kwenye kamusi yake anakutana kwanza na ngumi. Halafu mahali fulani katikati ya orodha hiyo kuna "piga mbio", na maneno yetu mawili ya taabu yanashikana mikono.

Mengine ya kitabu nitayapitisha haraka. Herufi ni ndogo, baada ya saa kumi na mbili jioni nahitaji taa ya karibu. Karatasi imekuwa ya manjano lakini haikatiki. Programu za simu zina visawe pia na ni za bure, nazitumia nikiwa safarini; zinakupa orodha ya neno ulilouliza, basi. Hazikuonyeshi kichwa cha jirani na kinyume chake kwenye ukurasa huohuo, na mara nyingi jibu langu nimelikuta kwenye ukurasa wa pili, mahali nisipopauliza.

Mzee wa turubai bado yupo, nilimpitia wiki iliyopita. Alikuwa na nakala nyingine, nzuri kuliko yangu, jalada zima na ukurasa wa mwanzo haukuguswa, anataka elfu kumi na mbili. Ukienda, usianze mbele. Fungua nyuma kabisa na uhakikishe faharasa inafika Z, maana bila faharasa kitabu hiki hakiingiliki. Ile ya mzee imekatikia kwenye P, na "run" haimo.